Baruapepe zibaki kwenye Gmail, ahadi ziingie kwenye jedwali

Ofisi ndogo ya kuwatolea wateja mizigo bandarini hapa Mombasa huishi kwa mawasiliano. Muuzaji wa Guangzhou anatuma ankara na orodha ya vifurushi, kampuni ya meli inatuma taarifa ya kuwasili, mteja wa Kampala anauliza lori litapakia lini, na mama mwenye duka Kongowea hatumi baruapepe kabisa. Yeye hupiga simu, au huacha ujumbe wa sauti WhatsApp akiwa katikati ya wanunuzi. Habari za kontena moja zikitawanyika kwenye simu za watu wanne, basi mama huyo akiuliza, "Mwanangu, mzigo wangu umefika wapi?", anayepokea hana jibu ila "Subiri kidogo, mama, nimuulize mwenzangu."

Ndiyo maana nawahimiza wenzangu wa kazi hii, na yeyote mwenye ofisi ndogo yenye wateja wengi, wawe na jedwali moja la pamoja. Sisi tunatumia programu ya Notion. Wengine wanatumia Airtable, au Google Sheets, na mambo yao yanakwenda. Linalonishughulisha zaidi ni kile kinachoingizwa humo.

Wengi wakianza hutaka kila baruapepe ihamie kwenye jedwali. Mimi siafiki. Gmail inatunza barua na kuzitafuta vizuri kuliko jedwali lolote tutakalounda. Isichoweza kukuonyesha kwa urahisi ni nani ameahidiwa nini, na lini. Mabishano marefu ya barua juu ya ada ya storeji, yaani ya kuhifadhi mzigo bandarini, mwishowe huzaa uamuzi mmoja, nao unatosha sentensi: "Mteja atalipa storeji hadi Jumanne, sisi tutampa namba ya lori Jumatano asubuhi." Sentensi hiyo ndiyo inayoingia, pamoja na tarehe na jina la aliyeahidi. Ukitaka, bandika na kiungo cha barua yenyewe, ila kumbuka kiungo cha Gmail humfungukia mwenye akaunti hiyo tu.

Majedwali yetu ni matatu: Wateja, Mizigo na Mawasiliano. Notion ina aina ya safu inayoitwa Relation, inayounganisha jedwali na jedwali. Ukifungua ukurasa wa mteja unaiona mizigo yake yote, na ukifungua mzigo unaona yaliyosemwa juu yake. Kila mzigo tunauita kwa namba ya kontena, zile herufi nne na tarakimu saba. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa hiyo namba iliyoandikwa vibaya mara nyingi hujulikana mapema. Shehena ya makontena mengi tunaiita kwa namba ya hati ya shehena. Namba hiyo hiyo lazima iwe kwenye kichwa cha kila baruapepe tunayotuma. Ukiitafuta Gmail, mazungumzo yote yanajitokeza.

Safu ninayoithamini kuliko zote ni "Tunamsubiri nani". Majibu yake ni manne: mteja, kampuni ya meli, forodha, sisi. Kila asubuhi tunachuja mistari yenye "sisi" na kuanzia hapo. Hata pale tunapomsubiri mteja, mstari haubaki bila tarehe ya kumkumbusha. Siku za bure, zile ambazo kontena hukaa bila kutozwa, zikiisha, gharama za bandari na za kampuni ya meli huhesabiwa kila siku, iwe mteja yuko msibani au safarini, na ukimya wetu humla yeye mfukoni. Mtu aliyekopa ili aagize bidhaa hastahili kufanyiwa hivyo.

Kwenye Wateja tunaandika pia mji na njia anayoipenda mtu. Saa nne asubuhi kwetu ni saa tisa alasiri Guangzhou, kwa hiyo swali linalotaka jibu la leo hutangulia kazi nyingine zote. Ukiliandika baada ya adhuhuri, huenda ukajibiwa kesho. Kigali wako nyuma yetu kwa saa moja. Mama wa Kongowea tunampigia, tunamwamkia, tunamuuliza hali ya nyumbani, kisha ndipo tunaingia kwenye storeji. Kumpelekea baruapepe ni kumtenga.

Namba ya simu ya kila mteja na kila muuzaji tunaihakikisha mwanzoni kabisa, kabla fedha hazijaanza kutembea. Matapeli huingilia barua za biashara, kisha hutuma ujumbe unaofanana na wa muuzaji wakidai akaunti ya benki imebadilika. Ukipata barua ya namna hiyo, usipige namba iliyomo ndani yake. Piga ile iliyo kwenye jedwali, na malipo yasitoke mpaka umesikia sauti unayoijua.

Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inataka uchukue taarifa unazozihitaji tu, nayo inampa mtu haki ya kuona ulichoandika juu yake. Kwa hiyo maelezo ya mteja yaandikwe kama atakayeyasoma ni yeye mwenyewe. "Anataka kupigiwa kabla ya kila malipo" inafaa, "msumbufu" haifai. Nakala za vitambulisho na PIN za KRA, yaani namba za mlipa kodi, zikae mahali panapofunguliwa na wachache, na mfanyakazi akiondoka, aondolewe ruhusa siku hiyo hiyo.

Ukitaka kuanza, ingiza mizigo iliyoko bandarini Kilindini sasa hivi na ile iliyo baharini. Iliyokwisha kutolewa iache Gmail. Mteja wa zamani ataingia jedwalini siku atakapoleta mzigo mpya.