Kichwa cha treni kinakwenda kikisita? Wacha mota, anza na reli

Kuna kijana wa Wete kaniandikia wiki hii, kanunua seti ya treni ya umeme kwenye vitu vya kontena, zile ndogo za Kiingereza saizi OO, yaani treni ya kweli imegawiwa mara 76, anasema kichwa kinakwenda kidogo kinasimama, akikisukuma kwa kidole kinakwenda tena, sasa kimegoma kabisa na fundi simu kamwambia mota imekufa. Nilipofika hapo kwenye fundi nikacheka peke yangu, maana maneno hayo mie nshaambiwa, tena mbele za watu.

Changu nilikipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, jina lake namsitiria. Hakufungua hata skrubu moja. Kakigongagonga mezani kasema mota imekwisha, halafu kaniuliza mtu mzima kama wewe wa nini na midoli, na waliokuwepo dukani wote wakacheka. Shemegi yangu alikuwepo, basi toka siku hiyo kila tukionana ananiuliza treni ya Bububu inaondoka saa ngapi. Haya, sikukuu iliyopita watoto wa mtaani walijaa ukumbini kwangu kuangalia treni inazunguka na mabehewa yake, na yeye shemegi kaja na wanawe kakaa mpaka ikaadhiniwa magharibi. Mota ni ile ile iliyokufa!

Na kweli mie natengeneza mfano mdogo wa ile njia ya treni ya Bububu hapa Unguja, ile waliyoijenga Wamarekani wa Arnold, Cheney & Co. mwanzoni mwa miaka ya 1900, kama maili 7 kutoka mjini pale Ngome Kongwe, ikaacha kubeba abiria 1922. Najua upana baina ya reli zake ulikuwa futi 3 na yangu ya milimita 16.5 ukiipigia hesabu ya 1 kwa 76 inapita futi 4, msiniandikie tena kuhusu hilo, nnajua.

Sasa tuje kwenye kazi. Mota hizi ni ngumu kufa jamani. Umeme wenyewe ni mdogo, volti 12 DC, unatoka kwenye kontrola, kile kiboksi cha kuongezea na kupunguzia mwendo, unapita reli, unapanda gurudumu, unashikwa na vibati vya shaba vinavyogusa gurudumu kwa nyuma, ndo unaingia kwenye mota. Mota ni ya mwisho kwenye foleni na watu wote wanaanza nayo yeye! Unafungua, springi inayosukuma kaboni za kupeleka umeme ndani ya mota inaruka chini ya kabati, huioni tena maisha yako, sasa hapo ndo mota imekufa kweli na umeiua mwenyewe.

Kitu cha kwanza toa kichwa kwenye reli. Kipindue, miguu juu, chukua betri ya volti 9 ile ya mraba na waya mbili, waya mmoja gusisha gurudumu la kulia mwengine la kushoto. (Kama ndani mna chipu ya dijitali usiguse na betri, hiyo habari nyengine.) Magurudumu yakizunguka laini basi kichwa chako kizima, tatizo lako liko kwenye reli. Yasipozunguka hamisha waya gurudumu moja moja. Changu nilipogusa magurudumu ya mbele kimya, ya nyuma kikapiga kelele kikazunguka, nikachungulia kwa tochi ya simu nikaona kibati cha mbele kimejikunja hakigusi kitu, kipo hewani tu. Nikakirudisha taratibu kwa ncha ya sindano mpaka kikalala kwenye mgongo wa gurudumu, kisikaze sana, kiguse tu. Fundi mzima na duka lake hakukiona hicho.

Halafu reli. Sie tunakaa na bahari, hewa yetu ina chumvi na unyevu, masika ndo usiseme. Chukua sumaku upitishe kwenye reli, ikinata ujue ni za chuma, zile za zamani, hizo kutu haitokuacha ulale, ukipata uwezo badilisha uweke za nikeli silva (nickel silver) ambazo sumaku hainati. Za shaba njanonjano nazo hazinati lakini zinapata ukungu usiopitisha umeme, kila saa utakuwa unafuta. Kufuta ni kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya duka la dawa, basi. Nakusihi usipige msasa! Msasa unaacha mikwaruzo na uchafu unakaa mle mle, wiki haipiti umerudi pale pale.

Ukishafuta reli futa na magurudumu, maana ukisafisha kimoja ukaacha chengine umefanya kazi bure. Tandika tishu yenye unyevu wa spiriti juu ya reli, isichuruzike, dirisha liwe wazi maana mota inatoa cheche, weka magurudumu ya mbele juu ya tishu na ya nyuma kwenye reli tupu, shika kichwa kwa mkono, fungua umeme kidogo. Utaona mistari miwili myeusi kama wanja kwenye tishu. Mie mara ya kwanza niliita mke wangu aje aone. Sogeza tishu pahala pasafi rudia mpaka isitoke nyeusi.

Na kama treni inakwenda vizuri karibu na pale waya zinapoingia, ikifika mbali inachoka, hapo ni viungo vya reli vimelegea. Pima volti kwa testa huku na kule utaona zinavyoshuka, vibane viungo kwa koleo au ongeza waya mwengine upande wa pili.

Mafuta nayo. Watu wanapenda kumwaga mafuta, kitu kikigoma tu wanapuliza mafuta ya kopo, yanaingia kwenye komyuteta, pale kaboni zinapogusa ndani ya mota, yanachanganyika na unga wa kaboni, inakuwa tope. Tone moja la mafuta mepesi kwa ncha ya sindano kwenye ekseli, imetosha. Tuwe na subira jamani, sie vijana wa siku hizi kitu kikisita tu tushakitupa au tushampa mtu atukane mali zetu. Umeinunua kwa pesa yako ya halali, ijue mwenyewe!

Kama umefanya yote hayo na bado inachechemea, tak, tak, tak, kila gurudumu likimaliza mzunguko, angalia giya ya plastiki kwenye ekseli, mara nyingi imepasuka ufa mwembamba huuoni mpaka uizungushe kwenye mwanga. Gundi usihangaike nayo, plastiki ile haishiki. Soma namba ya modeli, tafuta giya yake mtandaoni, umuagizie mtu anaekuja kutoka Uingereza, haimzidishii uzito wa sanduku.