Karakana ipo, waya hakuna: kwa mzazi wa mtoto wa amali

Ndugu mzazi wa Boma Ng'ombe, uzi wako hapa jukwaani nimeusoma mara mbili. Mwanao kapangiwa mkondo wa amali, yaani sekondari ya kujifunza ufundi, fani ya umeme. Ulishaambiwa elimu bila ada, halafu ukapewa karatasi ya vitu vya kununua: bisibisi mbili, testa, plaizi na waya mita kumi. Unauliza kama mkuu wa shule anakula. Huenda anakula, simjui. Ila mimi nafundisha umeme wa majumbani kwenye shule ya sekondari upande wa Moshi Vijijini, na orodha kama hiyo nimeshaiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Sikula hata soda.

Pesa iko hivi. Mkondo wa amali umekuja na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, na utekelezaji ukaanza Januari 2024. Pesa ya kujenga karakana na kununua vifaa vya kuanzia ni ya maendeleo: inakuja mara moja, jengo linapakwa rangi, viongozi wanapiga picha. Baada ya hapo shule inaishi kwa ruzuku ya uendeshaji. Kiwango tulichozoea tangu enzi za MMES, ule mpango wa sekondari wa 2004, ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Kinachofika shuleni kinagombewa na chaki, karatasi za mitihani, bili ya maji na choo kilichoziba. Kwetu karakana huwa ya mwisho kwenye foleni, maana Historia hata chaki ikiisha utaisimulia kwa mdomo. Umeme unakula vitu.

Chukua zoezi la kwanza kabisa, taa moja na swichi moja kwenye ubao. Mtoto mmoja anahitaji kama mita tatu za waya mwekundu. Darasa langu lina watoto 43, kwa hiyo ni mita 129, na rola moja ni mita 100. Hapo sijagusa waya mweusi wala wa ethi, ule wa kwenda ardhini, na ni zoezi la wiki moja.

Mwaka jana nilianza muhula na rola moja ya kila rangi. Tukafanya vikundi vya watoto wanane kwa ubao mmoja. Kikundi kikimaliza, kinafumua, kingine kinafunga upya. Sasa kila anayefunga lazima amenye ncha, na ncha iliyokwishabanwa na skrubu inakatika, anamenya nyingine. Sentimita moja hapa, mbili pale. Kufika Oktoba waya wa kutoka kwenye swichi ulikuwa haufiki tena kwenye holda ya taa. Tukasogeza holda. Wiki mbili baadaye tukaisogeza tena. Binti mmoja akaniambia, "Mwalimu, hii nyumba sasa imekuwa ya kuku." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, nikaenda ofisini nikakaa kimya.

Unajua tulivyojikwamua? Desemba, Wachaga wakirudi nyumbani Kilimanjaro kwa sikukuu, wenyewe tunasema kwenda kuhesabiwa, kila mtu anataka nyumba yake iwake taa kabla ya Krismasi. Mafundi wanakimbizana Machame, Kibosho hadi Marangu, na vipande vya waya wanaviacha sakafuni. Januari nikachukua bodaboda na kiroba cha mchele nikapita kwa mafundi ninaowafahamu. Vipande vya futi mbili, vya futi tatu, swichi zilizopasuka kona moja. Ndivyo muhula ulivyoanza. Mama mmoja kule Kibosho alidhani nanunua chuma chakavu, akaniletea na sufuria iliyotoboka.

Mchangiaji mmoja kwenye uzi wako kasema waajiri wanalipa tozo ya ujuzi, SDL, hivyo pesa ipo. Ni kweli wanalipa, asilimia 3.5 ya mishahara tangu Julai 2023. Lakini kwa mujibu wa sheria ni theluthi moja tu ndiyo huenda VETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi stadi, na sekondari za serikali hazimo VETA, ziko TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Binafsi naona hapo ndipo pa kupiga kelele: fungu dogo la kila muhula, lililoandikwa kabisa kwamba ni la vitu vinavyokwisha, waya, misumari, msasa, vitambaa vya ushonaji. Nikipewa jengo la pili leo nitalijaza madawati.

Michango ni jambo nyeti, najua. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016, ule wa elimu bila malipo, ulipoeleza majukumu ya mzazi, sare na madaftari, nadhani hakuna aliyekuwa anawaza plaizi. Kwa hiyo uliza kwenye kikao cha wazazi, tena kwa maandishi, kama hiyo orodha ina kibali, na kama waya utabaki kwa mtoto au unaingia stoo.

Halafu nenda karakana siku ya kawaida, si siku ya wageni. Usiangalie mashine, angalia pipa la taka. Ukikuta maganda ya waya na vipande vifupi vifupi, watoto wanafanya kazi. Ukikuta safi na vifaa bado vina nailoni zake, mwanao atakariri rangi za waya ubaoni.

Na testa nunua nzuri, dukani. Zile za elfu moja za stendi usimpe mtoto. Nimeshakuta moja imezima kabisa kwenye waya wenye moto.