Breka inakata nikiwasha pleti moja tu

SWALI: Jiko langu la umeme lina pleti nne za koili, kila moja wati 1,500. Tatu naziwasha kwa pamoja bila tatizo. Lakini nikiwasha ya nyuma kushoto, hata peke yake, baada ya dakika mbili breka inakata. Breka ni ya ampia 32, ina kitufe cha kujaribia. Nimeshauriwa nifunge kubwa zaidi. Nifunge?

JIBU: Usifunge, nakuomba. Breka yako haijazidiwa. Wati 1,500 kwenye volti 230 ni ampia 6.5 hivi, pleti tatu zinakaribia 20 na breka imetulia tuli. Kitu cha kutazama ni hicho kitufe. Breka ya namna hiyo hukata pia umeme unapovuja, na za majumbani nyingi hukata uvujaji ukifika miliampia 30. Breka kubwa haizibi uvujaji. Inachofanya ni kuruhusu nyaya za ukutani zichemke kabla haijakata.

Zile dakika mbili zinanifanya niishuku koili yenyewe. Ndani yake mna waya mwembamba uliofukiwa katika unga mweupe wa oksidi ya magnesi, ili waya huo usigusane na bomba la nje. Bomba likipasuka, unga hunyonya unyevu. Ikiwa baridi, koili huonekana nzima. Ikishika moto, umeme hupata njia ya kutokea. Koili ya mwisho niliyoing'oa mimi ilikuwa na tundu kama ncha ya sindano, upande wa chini, na mwenye jiko alikuwa ameshabadilisha breka mbili.

Zima swichi kuu, jiko lipoe. Kama koili ni za kuchomoa, ibadilishane nafasi na nyingine ya ukubwa uleule. Tatizo likihama nayo, nunua mpya ya wati zilezile. Likibaki palepale, basi ni soketi, swichi au waya uliochubuka huko chini. Mwite fundi umeme aje na mita ya kupimia insulesheni, yaani kinga inayozuia umeme usivuje, kwa volti 500. Mita ndogo ya betri mara nyingi haiuoni uvujaji wa aina hii.

Na yeyote atakayetaka kukata waya wa ardhi ili breka itulie, mkatalie. Breka itatulia kweli, ila bati la jiko litakuwa na umeme, na mkono wako uko kwenye sufuria.