Kusita si kukoma

SWALI: Ninafundisha biolojia na ninaandaa somo la Kiswahili kuhusu unukuzi katika bakteria, yaani jinsi RNA inavyoandikwa kutoka kwenye DNA. Rasimu niliyopewa inasema "NusA husitisha unukuzi", na mistari miwili chini yake, "Rho husitisha unukuzi". Mwanafunzi ameuliza: kama protini zote mbili zinasitisha, tofauti yake ni nini? Kitenzi hiki kinafaa kote?

JIBU: Hakifai kote, Mwalimu. Mwanafunzi wako amegusa penyewe, na aliyeandika rasimu hiyo ana ugonjwa ninaoukemea kila nipatapo nafasi: kukitwika kitenzi "kusitisha" kila mzigo wa kuzuia, kufuta, kuvunja na kumaliza.

Asili yake ni kusita. Anayesita hajaacha, amepungukiwa na uhakika kidogo, bado anaweza kuendelea. Ndiyo maana tunasema fulani alijibu bila kusita, na anayerudiarudia hali hiyo anasitasita. Sasa soma taarifa za habari: "Kampuni imesitisha mkataba." Mkataba umevunjwa, au umewekwa kando mpaka pande mbili zielewane? Mfanyakazi aliyeandikiwa kwamba ajira yake "imesitishwa" asubiri kuitwa tena, au atafute kazi kwingine? Barua ina mhuri na sahihi, jibu haina. Mapigano yakisitishwa, neno limekaa mahali pake, kwa sababu bunduki zilizonyamaza zinaweza kulia tena. Lakini mkataba uliovunjwa umevunjwa, na huduma iliyofutwa imefutwa. Tuna kukomesha, kuvunja, kufuta, kukatiza, kuahirisha na kusimamisha. Kwa nini tukitumikishe kitenzi kimoja hadi kipoteze maana?

Katika unukuzi uzembe huu unalifuta somo lenyewe. Polimerasi ya RNA, yaani kimeng'enya kinachoandika RNA, ya bakteria Escherichia coli husogea juu ya DNA ikiongeza makumi ya nyukliotidi (viungo vya mnyororo wa RNA) kwa sekunde, ila mwendo wake si mmoja. Ikifika kwenye mifuatano fulani husita: imetulia, lakini DNA bado imeishika, na RNA iliyokwisha kuandikwa haijaiachia. RNA hiyo ikijikunja kama pini ya nywele karibu na tundu inapotokea kwenye polimerasi, NusA hurefusha kule kusita. Na kusita huko kuna faida, kwani ribosomu inayoifuata nyuma, ikiisoma RNA ileile ili kutengeneza protini, hupata muda wa kuikaribia. Kisha kazi huendelea. Hapo kitenzi chetu kimepata haki yake.

Rho hufanya jambo jingine kabisa. Ni pete ya vipande 6 inayojishika kwenye RNA na kutumia nishati ya ATP. Mwisho wake polimerasi hubanduka kwenye DNA na RNA huachiliwa. Polimerasi ikishabanduka hairudi kuiendeleza RNA ile pale ilipoishia. Huko ni kukomesha, kitenzi cha ukoo mmoja na kikomo.

Iko hali ya tatu ambayo rasimu yako bila shaka imeiita "kusitishwa" pia. Polimerasi inaweza kurudi nyuma hatua kadhaa, ncha ya RNA ikachomoza nje ya mahali inapoongezewa nyukliotidi. Hapo haisiti, imekwama. Protini GreA na GreB huisaidia kuikata sehemu iliyochomoza, nayo ikaendelea. Andika kwamba zinaikwamua. Kila msomaji ataelewa.

Ukitaka kuona kitenzi kimoja kinavyoharibu ukurasa, mtazame NusG. Katika E. coli protini hii hupunguza kusita kwa polimerasi, na hiyohiyo hushirikiana na Rho kumaliza unukuzi. Kwa lugha ya rasimu yako itabidi uandike: "NusG huzuia usitishaji na husaidia usitishaji." Mwanafunzi atakuwa na haki ya kufunga kitabu.

Kwenye habari za kila siku matumizi haya yameshaota mizizi, na sitarajii yang'oke; muktadha humwokoa msomaji. Kitabu cha sayansi kisimwachie mwanafunzi kazi ya kubahatisha. "Udhibiti wa unukuzi" libaki kuwa jina la sura nzima. Ndani yake andika: NusA hurefusha kusita kwa polimerasi, NusG hukupunguza, GreA na GreB huikwamua, Rho hukomesha unukuzi.