Aslan wa Waturuki na "aslani" yetu

SWALI: Binti yangu amejifungua mtoto wa kiume, wamemwita Aslan, jina walilolisikia kwenye tamthilia ya Kituruki. Babu yake amekasirika. Anasema ni neno letu "aslani", kama katika "sikubali aslani", na kwamba mtoto ameitwa "Kamwe". Ni kweli?

JIBU: Hongera kwa mjukuu, Bibi. Mwambie babu yake atulie: mtoto ameitwa Simba.

Aslan ni neno la Kituruki hasa, na umbo lake kongwe lina r: arslan. Mahmud al-Kashgari, aliyeandika kamusi ya lugha za Waturuki katika karne ya 11, analo kwa maana hiyohiyo. Ndugu zao wa lugha hawajaiacha r: Watatari bado husema arıslan, Wakazakhi arystan. Wa Uturuki wameidondosha r wanapomtaja mnyama, ila katika majina ya watu utakuta maumbo yote mawili.

Zamani lilikuwa jina la watawala. Sultani wa Waseljuki, ukoo wa watawala wa Kituruki, aliyemteka Romanos IV, Kaisari wa Bizanti (dola ya Roma ya Mashariki), katika vita vya Malazgirt mwaka 1071, jina lake lilikuwa Muhammad, lakini dunia inamjua kama Alp Arslan, yaani simba shujaa. Hata Ruslan ya Warusi imetoka humo.

Sasa "aslani". Hiyo ni ya Kiarabu, ndugu wa "asili", kutoka asl: shina, chimbuko. Kwa Waarabu aslan ni "kwa asili", na ikifuatana na kukanusha huwa "hata kidogo". Sisi tumeichukua pamoja na kukanusha kwake. Jaribu kusema "nakubali aslani". Ulimi wenyewe utakataa. Tena s ya Kiarabu hapo ni herufi swadi, ile nzito, ambayo Kiswahili hakiitofautishi na sini, ile s nyepesi. Ndiyo maana sikio la babu limeyaona maneno mawili kuwa moja, na simlaumu.

Waturuki nao walikopa kutoka shina hilohilo la Kiarabu: kwao asla ni "kamwe". Wanayo yote mawili, asla na aslan, na hakuna anayemwonea shaka mtoto wa jirani kwa jina lake.

Ombi langu ni moja tu. Mnapomwandikisha cheti cha kuzaliwa, andikeni Aslan, au Arslan mkipenda la kale. Msiongeze i mwishoni, maana hapo ndipo neno la babu litakapoingia.