Kilele cha mwili wa mwanaume ni miaka mingapi?

SWALI: Nina miaka 31. Nimecheza mpira wa mchangani tangu utotoni, sasa nataka kuhamia mbio ndefu. Wenzangu wanasema mwanaume akivuka 25 mwili umeshaanza kushuka, nitajiumiza bure. Nimechelewa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hujachelewa, ndugu yetu. Wenzako wanazungumzia kasi, wewe unauliza habari ya ustahimilivu, na vitu hivi viwili havizeeki pamoja. Kasi ya kuchomoka hufika kileleni mapema, mara nyingi katikati ya miaka ya 20, kwa kuwa inategemea nyuzi za msuli zinazojikunja haraka. Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin Agosti 2009, siku tano kabla ya kutimiza miaka 23. Alishinda sana baada ya hapo, ila muda ule hakuufikia tena.

Mbio ndefu zina hesabu yake. Ni kweli pumzi hupungua kuanzia miaka ya 30, takriban asilimia 10 kwa kila miaka kumi kwa mtu asiyefanya mazoezi, na karibu nusu ya hapo kwa anayeyashikilia. Lakini miaka ya kukimbia huufundisha mwili kubana matumizi: kasi ileile inakula nguvu pungufu kuliko zamani. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18, kisha akaweka rekodi ya marathoni ya 2:01:09 mwaka 2022 akiwa na 37. Alphonce Simbu wetu alipata shaba ya dunia London 2017 akiwa na 25, na dhahabu Tokyo 2025 akiwa na 33. Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia 2:00:35 Chicago akiwa na 23 tu, kwa hiyo usiufanye umri kuwa sheria.

Hatari yako iko kwingine. Wanaotoka kwenye mpira hupata pumzi ndani ya wiki chache, wakati kano na mifupa huchukua miezi kuzoea. Mwezi wa tatu mtu anajiona mwepesi, anaongeza kilomita maradufu, na ugoko au kano ya kisigino inaanza kuuma. Wiki 8 za kwanza kimbia siku nne kwa wiki, dakika 30 hadi 45, kwa mwendo unaokuruhusu kutamka sentensi nzima bila kuhema. Baada ya hapo usiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki, na kila wiki ya nne punguza robo. Mara mbili kwa wiki simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya wayo, inuka, kisha shuka ukihesabu hadi tatu: mara 15 kila mguu, raundi 3. Mwaka wa kwanza ishia nusu marathoni.

SWALI: Nina miaka 44, nacheza timu ya maveterani. Msuli wa nyuma ya paja umenichanika mara mbili mwaka huu, kila mara nikiwahi mpira. Nifanyeje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Msuli huo huchanika mguu ukiwa hewani, kabla tu ya kukanyaga, maana wakati huo unavutika huku ukifanya kazi ya breki. Ukishachanika mara moja, uwezekano wa kurudia ni mkubwa. Kuunyoosha peke yake hakutoshi. Ufundishe kuzuia uzito huku ukirefuka.

Subiri hadi uweze kukimbia polepole bila maumivu. Piga magoti juu ya kitu laini, mwenzako akushike vifundo vya miguu. Kuanzia magotini hadi mabegani uwe mstari mmoja. Shuka mbele taratibu uwezavyo, ukijizuia kwa nyuma ya mapaja. Ukizidiwa, jipokee kwa mikono na ujisukume urudi. Wengi hukunja kiuno ili wapate nafuu, na hapo zoezi limeshapotea. Wiki ya kwanza siku moja, raundi 2 za mara 5. Ya pili siku mbili, raundi 2 za mara 6. Ya tatu siku tatu, raundi 3 za mara 6 hadi 8. Mapaja yatauma mwanzoni, hivyo usilianze siku mbili kabla ya mechi.

Siku ya mechi pasha mwili kwa dakika 15, umalizie na mbio tano za mita 30, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Na kifua kikibana au pumzi ikikata isivyo kawaida, toka uwanjani, muone daktari kabla ya mechi nyingine.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 14, anakimbia kila siku. Ana uvimbe mgumu unaouma chini ya goti.
Mama, Arusha

JIBU: Mama, mpeleke akapimwe. Mara nyingi katika umri huu mifupa inarefuka haraka, na kano ya goti inavuta sehemu ya mfupa wa ugoko ambayo bado laini. Apunguze mbio na kuruka, aweke barafu dakika 15 baada ya mazoezi. Siku atakapoweza kuruka mara kumi kwa mguu huo bila maumivu, aanze tena na nusu ya kilomita alizokuwa akikimbia, na apumzike angalau siku mbili kila wiki.