Maswali Yenu ya Michezo: Mliibiwa, au Mlichelewa?

Mbukwenyi. Wiki hii simu imejaa maswali ya majaji, marefa na umri, bila shaka kwa sababu ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar. Nimechagua machache. Mengine yalikuwa matusi matupu, na moja limetoka kwa shemeji yangu, ambaye anajua njia ya kwangu.

Kwa nini Wazungu wanatuibia kila tukienda mashindano makubwa? (Msomaji, Kibaigwa)

Swali hili huja kila mwezi, na halijawahi kuja na mfano hata mmoja. Basi nikupe mimi. Tarehe 15 Septemba 2025, marathoni ya mashindano ya dunia, Tokyo. Alphonce Simbu, mtoto wa hapo jirani Singida, na Amanal Petros wa Ujerumani wamefika kwenye utepe pamoja, na saa imeandika 2:09:48 kwa wote wawili. Baada ya kilomita 42 na ushei, kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Picha ya mstari wa mwisho ikasema mshindi ni Simbu. Kama kuna watu wamejipanga kutuibia, basi siku ile walisinzia, maana sisi tuliokesha mbele ya runinga tusingejua lolote. Ukipata mfano wako, niandikie tena.

Shikamoo mzee. Nina miaka 17, nacheza ngumi za ridhaa. Pambano la mwisho nilirusha ngumi nyingi kuliko mwenzangu, ukumbi mzima uliona, majaji wakampa yeye. Huwa wanahesabu nini? (Bondia, Chang'ombe, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Katika huo ukumbi mzima, shangazi zako walikuwa wangapi?

Jaji hana habari na ngumi ulizorusha. Anatafuta zilizofika: zimepigwa kwa uso wa glavu, zimetua kichwani au kwenye kiwiliwili juu ya mkanda, na hazikukutana na mkono wa mwenzako njiani. Kisha anaangalia nani aliitawala raundi kwa ufundi. Aliyeshinda raundi anapata 10, mwenzake 9 au pungufu. Majaji ni watano, kila mmoja na pembe yake, na raundi ni tatu tu. Ukishapoteza mbili za kwanza kwenye kadi nyingi, ya tatu cheza utakavyo. Usipomwangusha au usipomlaza hoi, umekwisha. Vijana wetu wengi wanaanza kupigana raundi ya pili. Ya kwanza wanapiga picha.

Sisemi ngumi hazina wizi. Ngumi ndizo zenye wizi kuliko zote. Olimpiki ya Seoul 1988, Roy Jones Jr. wa Marekani, kijana wa miaka 19, alimchapa Park Si-Hun wa Korea Kusini katika fainali. Waliohesabu walikuta ngumi 86 kwa 32. Majaji watatu kati ya watano wakampa Park. Halafu Jones huyo huyo akakabidhiwa kombe la bondia bora wa mashindano, kama mtu aliyenyang'anywa ng'ombe akapewa kamba. Kuanzia Olimpiki ya 1992 ikaletwa mashine: pointi haiingii mpaka majaji watatu wabonyeze kitufe ndani ya sekunde moja. Mabondia wakajifunza haraka kwamba ngumi ya mbavuni haibonyezewi, wakabaki kudokoa uso kama kuku. Mashine ikaachwa, pointi 10 zikaingia, na Rio 2016 Michael Conlan wa Ireland akashuka ulingoni akiwaonyesha majaji kidole. Uchunguzi wa Richard McLaren, mwanasheria wa Kanada, uliotolewa 2021, ulikuta mapambano ya Rio yalichezewa. Hakuna hata mmoja kati ya marefa na majaji 36 wa Rio aliyepangwa kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofuata.

Lakini Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walirudi na shaba kutoka Birmingham 2022, Jumuiya ya Madola, kwa utaratibu ule ule wa majaji watano. Ushauri wangu: mwambie rafiki akurekodi kwa simu, kisha tazama pambano lako bila sauti. Kelele ndizo zinazokudanganya. Ukimaliza kutazama na bado unajiona umeshinda, mlete kocha wako tuongee.

Dakar ni lini na ni ya umri gani? (Wengi)

Tarehe 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026, Olimpiki ya Vijana, wasiozidi miaka 17. Ni mara ya kwanza mashindano ya Olimpiki kufanyika Afrika. Nimeshaandika hili. Kateni mbandike ukutani.

Mwalimu mwenzangu ana kijana anayekimbia vizuri mno, ila amezidi umri kwa miezi michache. Cheti cha kuzaliwa bado hakijachukuliwa. Si inawezekana kurekebisha? (Mwalimu wa michezo, Mpwapwa)

"Mwalimu mwenzangu." Haya, Mwalimu, mfikishie mwenzako.

Hapana. Na nashangaa, kwa sababu nyinyi ndio mnaopiga kelele kila UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, kwamba shule fulani imeleta vijeba na mamluki. Kijeba wa mwenzako ni dhuluma, wa kwako ni "miezi michache"?

Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005, wakaondolewa kwa sababu ya umri, nafasi yao ikaenda Zimbabwe. Watoto waliokuwa na umri halali kwenye kikosi kile walikosa safari pamoja na wasiokuwa nao. Tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009 kule Nigeria, FIFA inapiga picha ya MRI ya kifundo cha mkono, kuona kama mfupa umeshafunga, yaani umemaliza kukua. Mfupa hauendi RITA kuchukua cheti.

Na msidhani ni mambo ya mpira tu. Katika jimnastiki watu hudanganya kinyumenyume, wanaongeza umri, maana kule mtoto haruhusiwi kabla ya mwaka wa kutimiza 16. Dong Fangxiao wa China alicheza Olimpiki ya Sydney 2000 akiandikwa amezaliwa 1983. Mwaka 2008 akaja Beijing kufanya kazi kwenye mashindano, na safari hii karatasi zake zikasema 1986. Aliyejaza fomu ya pili alisahau ya kwanza. Mwaka 2010 shaba ya timu nzima ikachukuliwa, wakapewa Marekani. Yule binti alikuwa na miaka 14 wakati wakubwa wake wanaandika. Medali aliirudisha yeye na wenzake, si waliojaza fomu.

Kwa hiyo mwambie mwalimu mwenzako akachukue cheti chenye tarehe ya kweli, na kijana akimbie na watu wazima. Kama ni mzuri kweli, miezi michache haitamwua.

Baba, Paris 2024 nilimwona binti wa Romania analia na bendera mkononi. Kulitokea nini hasa? (Mama wa wawili, Nzuguni)

Mama, huyo ni Ana Barbosu, miaka 18. Alikuwa wa tatu kwa 13.700 kwenye zoezi la sakafuni, ameshaanza kushangilia. Kocha wa Jordan Chiles wa Marekani akapinga alama, majaji wakakubali, Chiles akapanda kutoka 13.666 hadi 13.766. Bendera ikaanguka chini. Siku chache baadaye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikasema pingamizi lilipaswa kuingia ndani ya dakika moja, nalo liliingia sekunde nne baadaye. Shaba ikaenda Romania, na Chiles akapeleka rufaa mahakama ya juu ya Uswisi. Mabinti wawili wamelizwa na saa ambayo hawakuishika wao.

Hapa nina langu la kusema hata kama hukuuliza. Riadha ni wapole zaidi, wanakupa dakika 30 tangu matokeo yatangazwe rasmi. Unaanza kwa mdomo kwa refa. Akikukatalia, unaandika rufaa na kuweka dola 100. Niliwahi kushika saa kwenye mashindano ya vijana, miaka mingi iliyopita, ambapo msichana alisukumwa waziwazi kwenye kona ya mwisho ya mita 800. Kiongozi wa timu yake alikuja kulalamika akiwa ameshakula wali, na meno anachokonoa. Saa nzima imepita. Refa alikuwa tayari kumsikiliza, kanuni haikuwa tayari. Kesho yake nikasikia redioni kwamba "tumefanyiwa njama".

Je, vifaa vya kisasa si vitamaliza malalamiko? (Mwanafunzi, UDOM)

Sydney 2000, kile kifaa cha jimnastiki kiitwacho farasi wa kurukia kiliwekwa sentimita 5 chini ya urefu wake. Mabinti wa dunia nzima wakawa wanatua vibaya mmoja baada ya mwingine, mpaka Muaustralia mmoja akasema hiki kitu si urefu wake. Kumbuka hilo unapoona kwetu mita 100 zinapimwa kwa hatua za mwalimu, halafu muda unapelekwa wizarani.

Binti yangu ana miaka 15. Kocha anampa unga kwenye chupa isiyo na lebo, anasema ni wa nguvu tu. (Baba, Kondoa)

Chukua chupa leo. Kamila Valieva wa Urusi alikuwa na miaka 15 huko Beijing 2022, akicheza kwenye barafu, sampuli yake ikakutwa na dawa ya moyo. Akafungiwa miaka minne. Baadaye wakapandisha umri wa chini wa mchezo ule hadi 17. Kilichokutwa mwilini mwa binti yako ni mali yake, kocha hata akilia vipi.

Refa wa mechi yetu ya Jumamosi, ligi ya vijana, ni shemeji wa kocha wa timu pinzani. (Meneja wa timu, Bahi)

Andika barua leo kwa kamati, weka nakala, dai ipigwe muhuri wa kupokelewa. Mechi ni Jumamosi, na leo ni Jumatano.